Magoti na Nauli: Basi au Ndege kati ya Mtwara na Dar es Salaam

Kabla ya kulinganisha chochote nilichukua tepu ya fundi cherehani, nikaketi kwenye kiti cha mbao chenye mgongo ulionyooka, nikajipima kutoka kwenye mgongo wa kiti hadi ncha ya goti. Nilipata sentimita 63. Namba hiyo ndiyo abiria anayopaswa kuijua kabla ya kuuliza nauli, kwa sababu kiti cha basi na kiti cha ndege huuzwa kwa safari, ilhali mwili hukitumia kwa sentimita na kwa saa. Anayetoka Mtwara kwenda Dar es Salaam ana barabara ya takriban kilomita 560 au anga ya kilomita zipatazo 400, na katika kila njia hukuta madaraja mawili ya viti. Ninachotaka kukipima hapa ni mahali ambapo fedha ya ziada humnunulia nafasi ya kweli, na mahali ambapo humnunulia pazia.

Tuanze na basi, maana ndilo wengi wetu tunalolipanda. Desemba 2023 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ilipanga nauli kikomo ya mabasi ya masafa marefu kuwa shilingi 48.47 kwa abiria kwa kilomita ya lami katika daraja la kawaida, na shilingi 67.84 katika daraja la kati. Ukizidisha kwa kilomita 560 unapata kama shilingi 27,100 kwa daraja la kawaida na 38,000 kwa la kati. Tofauti ni karibu shilingi 10,900, na msafiri mwenye haraka pale stendi ya Mkanaledi huiona kuwa ni fedha ya kuokoa, hasa akiambiwa na mpiga debe kwamba magari yote yanafika saa ileile.

Yanafika saa ileile, ni kweli, lakini hayafiki na mwili uleule. Basi la masafa marefu lina upana wa nje wa karibu mita 2.5. Ukiondoa unene wa kuta na ujia wa katikati wa kama sentimita 40, sehemu inayobaki kwa ajili ya viti haizidi sana mita 1.9. Mpangilio wa viti viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili humgawia kila abiria sentimita 38. Mpangilio wa mbili kwa mbili humpa sentimita 47 na ushei. Mabega ya mtu mzima yamepita sentimita 38 kwa mbali, kwa hiyo yule wa katikati kwenye kiti cha watatu husafiri ametanguliza bega moja mbele na kurudisha jingine nyuma, na anapofika Nangurukuru huwa ameshafahamiana na majirani zake kuliko alivyokusudia.

Hesabu ya mwenye basi nayo inafaa kufuatwa, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kwa nini daraja la kati lipo. Safu moja ya watu watano katika daraja la kawaida humwingizia shilingi 242 kwa kila kilomita, na safu ya watu wanne katika daraja la kati humwingizia shilingi 271. Safu yenye watu wachache, basi, inalipa zaidi kwa asilimia kama 12, na ziada hiyo inamwezesha kung'oa safu nzima ili miguu ya waliobaki ipate pa kwenda bila yeye kula hasara: safu 12 za watano huleta shilingi 2,908 kwa kilomita, na safu 11 za wanne huleta 2,985. Barabarani, kwa namna hiyo, nafasi ya goti imewekewa bei na mamlaka ya umma, na mwenye gari anayetoa nafasi hiyo hulipwa. Tutakapopanda ndege tutaona kwamba huko hakuna aliyefanya kazi hiyo.

Kuna tahadhari moja. Daraja limeandikwa kwenye tiketi, lakini kiti kimefungwa sakafuni, na viwili hivyo havikubaliani kila siku. Mwaka mmoja wakati wa masika nililipa nauli ya daraja la kati kwa gari ambalo silitaji, nikakuta kweli viti ni mbili kwa mbili, ila mwenyewe alikuwa ameongeza safu moja nyuma na kuzisogeza nyingine zote mbele kidogo kidogo. Mgongo wa kiti cha mbele yangu ulikuwa na bomba la chuma lililotokeza kitambaani, na bomba hilo lilikaa juu ya kilegesambwa cha goti langu la kulia kutoka Mikindani hadi Mbagala. Tangu siku hiyo sinunui tiketi kwa simu bila kumwomba mtu aliyepo stendi aingie garini, aketi, aniambie kama kiganja chake kinapita wima kati ya goti na kiti cha mbele.

Sasa saa. Mabasi ya abiria yanabanwa na mwendo wa kilomita 80 kwa saa na kufuatiliwa kwa kifaa, hivyo hata njia ikiwa nyeupe kilomita 560 haziwezi kuisha chini ya saa saba. Ukiweka mizani, vituo vya kushusha, na kisimamo cha Somanga ambako samaki wa kukaanga huletwa hadi dirishani, safari huwa ya saa tisa au kumi. Gawa ile tofauti ya shilingi 10,900 kwa saa tisa, utaona unalipa shilingi 1,200 kwa kila saa ya kukaa na mabega yako yote mawili. Sijui nafasi nyingine katika usafiri wa nchi hii inayouzwa rahisi kiasi hicho. Afya nayo ina neno lake: utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu huongezeka takriban mara mbili kwa mtu aliyekaa bila kujinyoosha saa nne au zaidi, na watafiti walisema wazi kwamba jambo hilo halihusu ndege peke yake, bali gari, basi na treni pia. Hatari yenyewe kwa mtu mzima mwenye afya ni ndogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000. Hata hivyo ni jambo la kuwazia kwa anayepanda mabasi ya usiku, ambayo yaliruhusiwa tena kuanzia Oktoba 2023, kwa sababu usiku watu hulala na miguu imekunjwa na hakuna anayeshuka kununua korosho.

Tuje kwenye ndege. Aina ambayo watu wa kusini waliizoea tangu shirika la taifa, Air Tanzania, lilipofufuliwa ni Dash 8 Q400 iliyotengenezwa na Bombardier, ambazo mbili za mwanzo zilipokelewa nchini Septemba 2016, na mtaani zikaitwa pangaboi, jina lililoanza kama dhihaka likaishia kuwa la mapenzi. Ukumbi wake wa abiria, pale palipo pana zaidi, una mita 2.5, yaani upana uleule wa basi. Hapo ndipo ulinganisho unapoanza kunoga. Katika upana huo ndege huketisha watu wanne, kama basi la daraja la kati, lakini kwa kuwa kiwiliwili chake ni cha mviringo na kuta zinarudi ndani kadiri zinavyopanda na kushuka, kiti hubaki na sentimita 43 au 44 tu. Kwa maneno mengine, abiria aliyelipa mara kadhaa ya nauli ya basi anaketi kwenye kiti chembamba kuliko yule aliyelipa shilingi 38,000 Mkanaledi. Anayepanda ndege kwa kutafuta starehe ya kiti amekosea duka.

Kwa miguu kipimo kinachotumika ni mwachano wa viti, yaani umbali kutoka sehemu fulani ya kiti kimoja hadi sehemu ileile ya kiti cha mbele yake. Kipimo hicho hupumbaza watu, kwa sababu unene wa mgongo wa kiti umo ndani yake. Mwachano wa sentimita 79, ambao ni wa kawaida sana duniani katika viti vya nyuma, yaani vya daraja la kawaida, ukitolewa mgongo wa sentimita 8 hubakisha 71, na mtu wa sentimita 63 kama mimi huwa na sentimita nane za kupumua hadi jirani wa mbele atakapolaza kiti chake. Mashirika yamekuwa yakinunua viti vyembamba ambavyo mfuko wa majarida umehamishiwa juu ya usawa wa magoti, nayo yakapunguza mwachano huku goti likibaki pale lilipokuwa. Kwa goti hakuna kilichopotea. Kwa makalio, kwa kuwa sponji nayo imepungua, safari ya saa nyingi hutoa hukumu tofauti.

Kwa nini basi shirika lisiwape watu nafasi kama mwenye basi anavyofanya? Chukua ile Q400 ya shirika letu, yenye viti 76, sita mbele na 70 nyuma. Safu moja ina watu wanne. Ukiing'oa, unapata sentimita 79 za kugawa kwa safu kama 16 zilizobaki, yaani sentimita tano kila mmoja, upana wa vidole vitatu. Umepoteza viti vinne kati ya 70, na ili mapato yabaki yalivyokuwa wale 66 waliobaki wanapaswa kulipa asilimia sita zaidi. Asilimia sita haionekani kubwa. Tatizo ni kwamba abiria anapotafuta tiketi kwenye simu yake huona nauli na saa ya kuondoka, haoni vidole vitatu, na akikuta nauli nyingine iliyo chini kwa asilimia sita anaibonyeza hiyo. Rubani, mafuta, ada za kutua na matengenezo haviulizi ndege imebeba watu wangapi. Katika safari fupi kama yetu, ambayo sehemu kubwa ya mafuta huchomwa wakati wa kupaa, gharama hizo zimegawanywa kwa muda mfupi na watu wachache, na kila kiti kilichong'olewa kinaonekana kwenye daftari jioni ileile.

Shirika la American Airlines la Marekani lilijaribu kwenda kinyume. Mwaka 2000 liling'oa viti zaidi ya 7,000 katika ndege zake ili kila abiria wa nyuma apate nafasi, likaitangaza nafasi hiyo kwa nguvu zote, na kuanzia mwaka 2003 likaanza kuvirudisha. Abiria waliifurahia nafasi lakini hawakuilipia. Somo ambalo mashirika mengine yalilichukua ni kuuza nafasi kwa safu chache tu na kwa anayeitaka, na tangu hapo ndivyo dunia nzima inavyokwenda. Sheria nayo haijafua dafu. Chama cha abiria kiitwacho Flyers Rights kilikwenda mahakamani Washington kikieleza kwamba mwachano wa wastani ulikuwa umeshuka kutoka inchi 35 hadi 31, na kwingine hadi 28, ambazo ni sentimita 71; Julai 2017 Jaji Patricia Millett akaiita kesi ya kiti cha ndege kinachosinyaa ajabu, na mwaka uliofuata Bunge la nchi hiyo likaiagiza mamlaka ya anga iweke kipimo cha chini. Mamlaka ilifanya majaribio ya kutoa watu ndani ya ndege, kwa kuwa kanuni yake inataka ndege iliyojaa iwe tupu katika sekunde 90, ikasema ukubwa wa viti vya sasa hauwacheleweshi watu. Machi 2023 mahakama hiyohiyo ikakataa kuilazimisha. Goti, kwa lugha ya sheria, si suala la usalama, na mamlaka za anga huhesabu usalama.

Kwa msafiri wa Mtwara habari hiyo ina uzito mdogo kuliko inavyosikika, na sababu ni saa. Kukaa kwenye kiti, kutoka mkanda unapofungwa hadi unapofunguliwa, ni saa moja na robo hivi. Hata ukiongeza bajaji ya kwenda uwanjani, muda wa kuripoti na foleni ya kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi Kariakoo, saa hizo nyingine unatembea, unasimama, unanyoosha miguu. Goti lililobanwa saa moja hulalamika. Goti lililobanwa saa tisa huvimba. Ndiyo maana nasema kwamba katika njia hii ndege yenye kiti chembamba humshinda kwa starehe basi lenye kiti kipana, ilimradi mtu asiongeze hata shilingi kwa ajili ya kiti cha mbele. Vile viti sita vya daraja la biashara ni vizuri, sina ugomvi navyo, lakini ugawe nyongeza yake kwa saa moja halafu ukumbuke ile shilingi 1,200 ya Mkanaledi.

Mama yangu ana magoti ambayo hayakunjiki vizuri tangu alipoanguka kwenye mikorosho. Nilipompeleka Muhimbili mara ya kwanza nilitaka kumkatia kiti cha mbele, akaniuliza kinazidi kingine kwa shilingi ngapi, nikamwambia. Akasema, "Mwanangu, magoti yangu hayajui habari ya mbele wala nyuma, yanajua ngazi." Na kweli ngazi ndizo zilizotufaa: Q400 iko chini, mlango wake wenyewe hufunguka ukawa ngazi fupi, tofauti na jeti inayosogezewa ngazi ndefu yenye kuyumba. Tulikaa safu za katikati mbele, karibu na mapanga, kosa langu, kwa sababu hapo ndipo kelele na mtikisiko vinapozidi licha ya herufi Q ya jina lake kusimamia ukimya. Anayeweza kuchagua aende safu za nyuma. Ila mama alipata cha kutazama: magurudumu ya ndege hiyo yamefichwa chini ya injini, na tulipoanza kushuka juu ya Mkuranga aliyaona yakifunguka nje ya dirisha lake, akanishika mkono hadi yalipogusa lami.

Ukipangiwa Airbus A220-300, ambayo shirika lilianza kuipokea Desemba 2018, kiti kinabadilika kwa faida yako. Ina viti 132, kati yake 120 vikiwa vya nyuma, viwili kushoto na vitatu kulia. Waliobuni ndege hiyo walikusudia kiti cha sentimita 47, sawa na basi letu la daraja la kati, na kile cha katikati wakakiongezea kama sentimita moja ili kumfidia anayekosa dirisha na ujia. Ni mtu mmoja tu kati ya watano anayekaa katikati, wakati kwenye Boeing 737 ni mmoja kati ya watatu. Njia ya kurukia ya Mtwara imerefushwa hadi mita 2,800, kwa hiyo jeti ya aina hiyo ina nafasi ya kutosha. Aina ya ndege huonekana wakati wa kukata tiketi, lakini nisingebadili siku ya safari kwa ajili yake, isipokuwa kwa mtu mwenye mwili mkubwa.

Nafasi inayostahili kununuliwa angani ipo kwenye safari ndefu, baada ya Dar es Salaam. Mfanyabiashara wa Mtwara anayeunganisha Dar es Salaam kwenda Guangzhou au Mumbai hupanda Boeing 787-8, yenye viti 22 vya mbele na 240 vya nyuma, tisa kwa safu. Ndege hiyo ilipobuniwa ilitazamiwa kuketisha wanane kwa safu. Karibu mashirika yote yakaongeza wa tisa, na Japan Airlines ndiyo inayojulikana kwa kubaki na wanane. Hapo saa ni nyingi, kiti ni chembamba, na yale mambo ya damu kuganda yanahusika. Fedha aliyookoa kwa kukataa kiti cha mbele kutoka Mtwara aipeleke huko, angalau kwa kulipia safu ya mlango wa dharura, kama ni mtu mwenye nguvu za kuufungua na hana mtoto mikononi.

Mtu mzima mwenye afya anayekwenda kwa gharama zake, na ambaye siku moja ya kazi haimpotezei mengi, namshauri basi la daraja la kati la asubuhi, kiti cha ujiani, upande ambao mguu wake mrefu au mbovu utaweza kunyooshwa. Mgonjwa, mjamzito, mzee na mwenye kikao cha saa nane mchana aende na ndege, kiti chochote cha nyuma, akate mapema. Neno mapema lina uzito wake hapa kwetu: minada ya korosho inapoanza Oktoba ndege hujaa wanunuzi na maofisa, na kiti kilekile cha sentimita 43 huuzwa kwa bei nyingine kabisa kwa anayekuja mwisho, wakati nauli kikomo ya basi haijui msimu. Masika mizani hugeuka tena. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakakwama pande zote mbili, na waliokuwa wameketi kwa raha mbili kwa mbili walilala hapohapo kwenye viti vyao.

Lindi ni hesabu nyingine. Kutoka Lindi hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kama kilomita 450, saa saba au nane, na anayetaka ndege ya Mtwara anarudi nyuma kilomita zipatazo 105 kwa gari dogo, mara nyingi Noah iliyojazwa watu ambao mtengenezaji wake hakuwawazia. Saa mbili za Noah, saa mbili za uwanjani, saa moja na robo ya ndege, kisha foleni ya Dar es Salaam: zikijumlishwa zinakaribia saa za basi, na zile mbili za kwanza ndizo mbaya kuliko zote kwa goti. Mgonjwa wa Lindi ambaye lazima aruke angekodishiwa gari peke yake hadi uwanjani. Wengine wote, kama ningeishi Lindi, ningewakatia basi la mbili kwa mbili, nikamtuma mtu stendi na kiganja chake.